Siku Nilipomvalisha Baba Mkwe Boya

Walisema nimemdhalilisha baba mkwe. Mimi nasema nilimvalisha boya. Kauli hizi mbili zimegombana katika ukoo wa mume wangu kwa miezi mingi, na kila aliyezibeba aliongeza chumvi yake: kwamba nilimkumbatia mzee hadharani, kwamba nilimkaripia, kwamba nilivunja mali ya watu kwa jiwe. Hilo la mwisho ni kweli. Mengine nitayanyoosha mwenyewe, maana nimechoka kusimuliwa na watu ambao siku ile hata hawakuwepo.

Mimi ni mtu wa huku juu, nimezaliwa na kukulia Ufipa, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka Sumbawanga mjini. Kwetu maji ni ya kisima na ya mvua. Tunajua kulima mahindi na ulezi, tunajua baridi ya mwezi wa sita inayokufanya ukalie mikono yako, lakini kuogelea hatujui. Kwa hiyo niliporudi nyumbani na kusema nilikuwa nafanya kazi melini, watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Lakini nilifanya. Nilisoma chuo cha hoteli Dar es Salaam, wakala mmoja akanipeleka kwenye meli ya watalii, nikatandika vitanda kwa mikataba mitatu ya miezi tisa tisa. Meli yenyewe ilikuwa na ghorofa kumi na nne, na mimi nilikuwa na vyumba vyangu ghorofa ya sita.

Watu wakisikia meli ya watalii wanafikiria mabwawa ya kuogelea na meza zilizojaa vyakula. Mimi nikiikumbuka, naisikia honi kwanza: saba fupi na moja ndefu. Safari inapoanza, abiria wote wanaitwa kwenye mazoezi ya usalama. Nasema wote, si wanaopenda. Baa zinafungwa, muziki unazimwa, lifti haziguswi. Kadi ya chumba cha kila mtu imeandikwa herufi ya kituo chake cha kukusanyikia, na akifika pale kadi inapitishwa kwenye mashine ili ijulikane kafika. Watoto wanafungwa utepe mkononi wenye herufi hiyohiyo, ili wakipotea katika vurugu yeyote ajue pa kuwapeleka. Kisha mfanyakazi anasimama mbele na kuonyesha boya linavyovaliwa: kichwa kinapita hapa, mkanda unazunguka hivi, unabana, unavuta. Filimbi iko hapa. Taa iko hapa, inawaka yenyewe ikigusa maji. Hurudi chumbani kufuata begi, hukimbii, humsukumi mtu. Basi, kwa muda usiofika nusu saa mambo yamekwisha.

Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye ngazi na kofia ya njano, nikiwaelekeza. Walinipita na bilauri zao wakininung'unikia kwa lugha tano. Siku moja mzee mmoja mwenye saa ya thamani ya shamba aligoma kutoka chumbani. Alisema ameshapanda meli mara thelathini, hana cha kufundishwa. Msimamizi wangu, mwanamke mfupi ambaye kichwa chake kilinifika kifuani, alikwenda kumgongea mlango na kumwambia kwa upole kwamba basi watu elfu mbili watabaki bandarini wakimsubiri yeye. Tukasubiri kweli. Mzee akatoka na kandambili zake, uso umemwiva, akavaa. Mimi binti wa Ufipa niliyafurahia yale kuliko mshahara.

Mkataba wa tatu ulipoisha nikarudi, nikaolewa, nikaachana na bahari. Ukoo nilioolewa una adabu zake kati ya mkwe na baba mkwe, na ninazishika. Jina lake silitaji. Akiwa amekaa, sipiti mbele yake. Nikimsalimia napiga magoti, nakutanisha viganja taratibu, ndipo nasema shikamoo. Chakula simpi mkononi. Naweka mezani, nasogea, ndipo anachukua. Na kumgusa, hata kwa bahati mbaya, ni kosa lenye kikao chake. Yeye naye ana adabu zake kwangu: haniambii neno moja kwa moja. Akitaka chai huwageukia kuku uani. "Nyie kuku, hivi leo hapa chai haikuchemka?" Nami huwajibu kuku: "Mwambieni inakuja." Tumeishi hivyo miaka saba, mimi na yeye na kuku, na sijawahi kuona mzee mwenye heshima kumzidi. Kwa hiyo asije mtu akanifanya mwanamke asiyejua mila.

Safari yenyewe ilikuwa ya posa. Shemeji yangu mdogo alikuwa amempata binti kwenye kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo gari halifiki. Unashuka Kirando, unapanda boti, unakwenda saa nne au tano. Tulikuwa sita: baba mkwe, mdogo wake, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, mume wangu, wifi yangu mkubwa, shemeji mwenyewe, na mimi mbeba vikapu. Mama mkwe angekuwepo vikapu vingekuwa vyake, lakini alifariki miaka minne kabla. Tulibeba unga wa ulezi, mablanketi mawili na shauri jema. Wenyeji walikuwa wametupangia saa, na wanaochelewa kwenye posa huanza mazungumzo wakiwa wameshashindwa.

Tuliteremka na basi kupitia Namanyere, tukalala Kirando, asubuhi tukaenda ufukweni. Wanawake walikuwa wanaanika dagaa, na joto lilishatukalia mabegani. Wote tulivua masweta tuliyotoka nayo juu. Baba mkwe peke yake alibaki na koti lake zito, amelishikilia kifuani kwa mkono mmoja, jasho linamshuka masikioni. Nilidhani ni ile fahari ya mzee anayekwenda ukweni.

Boti lilikuwa la mbao, refu, limeshapakiwa magunia ya mahindi, kreti za soda, magodoro na mbuzi watatu. Abiria tulikuwa kama thelathini. Ulikuwa msimu ule wa baada ya mavuno ambapo upepo wa kusini huamka mchana na kulichafua ziwa, ndiyo maana kila mtu alitaka tuondoke mapema. Mimi pia nilitaka. Nikamwendea nahodha.

"Habari za kazi, nahodha. Maboya yako wapi?"

"Yapo, mama. Mapya kabisa, hayajawahi kuguswa!" Akalipiga kofi sanduku la mbao kule mbele, lenye kufuli kubwa.

"Basi tufungulie tuvae."

Alinitazama kuanzia miguuni. "Tuvae? Ziwa limetulia hivi?"

"Tuvae likiwa limetulia. Likichafuka nitavaa nimeshika nini?"

"Ufunguo anao tajiri mwenye boti. Yuko Kabwe."

Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba arudie. Akanieleza kwa uvumilivu, kama mtu anayemfundisha mgeni. Maboya yakikaa nje yanachafuka. Abiria wanayafanya mito, wengine wanayakalia, wengine wanashuka nayo. Mle ndani yako salama kwenye nailoni zake. Mkaguzi akija tajiri anafungua, mkaguzi anahesabu, anafurahi, wanafunga.

Ugonjwa huo naujua, ni wetu sote. Kwetu kochi linakaa na nailoni yake mpaka linazeeka likiwa jipya. Vikombe vizuri vinamsubiri padre kabatini. Shuka la maana linatoka sandukuni siku mwenye nyumba akishakufa. Lakini kochi likikaa kwenye nailoni halimuui mtu, na pale ufukweni nilihisi hasira inanipanda kutoka kwenye nyayo.

Nikasimama kwenye ubao wa kupandia. Nina kilo themanini na mbili, na zote nilizisimamisha pale. Nikasema hakuna anayepanda mpaka maboya yatoke.

"Wewe dada, usitutajie kuzama hapa!" alinipigia kelele mwanamke muuza samaki, mwenye watoto wawili mkononi. "Ziwa lina masikio!"

"Lisikie basi kwamba tumejiandaa," nikamjibu.

Msemaji wa ukoo alinisogelea, sauti chini. "Mkwe, tunachelewa. Na watu wanatuangalia."

"Waangalie, baba."

"Ndiyo shida ya kutandika vitanda vya Wazungu," wifi akasema, naye hakushusha sauti. "Mtu akirudi anataka kutuendesha wote."

Mume wangu alikuja wa mwisho. Nampenda mume wangu, lakini siku ile alikuwa na uso wa mtu aliyekaa kwenye siafu. "Mama watoto," akaniambia, "leo tu. Tafadhali."

"Watu wanazama leo tu. Hakuna anayezama kesho."

Nahodha akampigia tajiri wake, simu akaiweka sauti ya nje ili nikomeshwe hadharani. Tajiri akauliza abiria gani huyo anayesumbua. "Mwanamke mmoja wa Sumbawanga." Tajiri akasema mwache hapohapo, ondoka. Nahodha akanionyesha ufukwe kwa mkono. Lakini ili waondoke ilibidi kwanza mtu anisukume, na hakuna mwanaume aliyetaka kuonekana anamsukuma mwanamke wa watu majini. Tukabaki hivyo, jua linapanda, mbuzi wanalia.

Hapo ndipo nilipoliona jiwe la nanga. Nikaingia botini, nikaliinua, nikaligonga komeo la lile sanduku. Mara ya kwanza wifi akapiga ukelele. Mara ya pili nahodha akasema nitalipa. Mara ya tatu komeo likang'oka na misumari yake, kufuli likabaki linaning'inia likiwa zima, kwa kweli lilikuwa kufuli zuri.

"Nitalipa," nikamwambia. "Sasa gawa."

Tulikuta maboya thelathini na manne. Yalitutosha wote na kuzidi. Hapo hasira yangu ikageuka kitu kingine, maana nilikuwa nimejiandaa kukuta machache, au mabovu, au yaliyotafunwa na panya. Kumbe mtu alikuwa ametununulia uhai wetu, akalipa, akaufungia. Nilitamani kukaa chini nilie, ila muda haukuwepo.

Nikafanya mazoezi ya usalama pale Kirando kama nilivyofundishwa, bila honi saba, bila kadi. Nikapanda juu ya gunia. Kichwa kinapita hapa, mkanda unazunguka hivi, unabana, unavuta. Vijana wakacheka. "Mshikaji, leo tunarushwa mwezini!" mmoja akasema. Mwingine akauliza na mbuzi je, nikamwambia mbuzi wana akili, wangeulizwa wasingepanda. Kicheko hicho kikanisaidia. Walipochana nailoni na kuanza kuvaa, nikapita mtu hadi mtu, nikivuta kila boya begani kuona kama linapanda. Likipanda mpaka kwenye masikio, mtu hajafunga, anavua, anaanza upya. Nikawaambia likitokea la kutokea hakuna kufuata gunia, na wanaokaa kushoto wabaki kushoto, wakihamia upande mmoja ndio watakaotupindua. Maboya madogo yalikuwa mawili. Yakaenda kwa watoto wa yule muuza samaki, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza.

Mwishowe wote walikuwa wamevaa isipokuwa baba mkwe. Alikuwa amekaa kwenye gunia la mahindi, koti mwilini, boya mapajani.

"Mimi ni mtu mzima," akasema, akiyatazama magunia. "Waambieni sivai."

Wifi aliniangalia kwa ushindi. Ningeweza kuishia hapo. Mzee amesema, na mimi ni mkwe. Lakini kazi yangu ya zamani ilinifundisha kutazama mikono ya watu wanapofunga, na ya kwake nilishaitazama. Wakati wenzake wanacheka alikuwa ameinamia kifungio cha mkanda, akajaribu mara mbili, kwa kujificha. Vidole vyake vimepinda kutokana na miaka yote ya jembe, vinakusanyika vyote kwa pamoja au havikusanyiki kabisa. Havikukishika kifungio. Ndipo akasema yeye ni mtu mzima. Mume wangu akainama kumsaidia, naye akamsukumia mbali mkono, maana mwanaume anayekwenda kumposea mwanawe mke hawezi kuvalishwa na mwanawe mwingine mbele ya umati.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikakutanisha viganja, nikasema shikamoo, baba. Kisha nikalichukua boya mapajani pake, nikalipitisha kichwani pake.

"Yesu wangu!" wifi akasema.

Ili mkanda uzunguke, ilibidi mkono wake uachie koti, na koti likafunguka. Mimi peke yangu niliyekuwa mbele yake ndiye niliyeona. Shati lake jeupe, lile la safari, lilikuwa wazi kuanzia shingoni mpaka kwenye mkanda wa suruali. Hakuna kifungo hata kimoja kilichofungwa. Nikakumbuka kwamba tangu mama mkwe afariki sijawahi kumwona bila koti, kiangazi wala masika, na sote tulidhani ni uzee au baridi. Alikuwa na mtu wa kumfungia vifungo, mtu huyo akafa, naye kwa miaka minne hakumwambia yeyote.

Nililishusha boya haraka juu ya kifua kile, nikafunga mikanda mitatu, nikavuta begani. Halikupanda. Yeye alikuwa anatazama maji. Nahodha akawasha injini.

Sasa msomaji anangoja nimwambie kwamba tulizama. Hatukuzama. Upepo uliamka mapema kidogo, mawimbi yakatupiga ubavuni, wifi akatapika, magodoro yakalowa, tukafika. Wenyeji wakatutania kwa kuchelewa, wakauliza kama tumekuja kuposa au kuvua samaki tumevaa hivyo, posa ikapokelewa. Na hicho ndicho kilichoniponza. Ingekuwa tumezama, ningekuwa shujaa. Kwa kuwa tulifika salama, yote niliyofanya yakawa kelele za bure. "Unaona sasa?" wifi akaniambia tukiwa tunashuka. "Kulikuwa na nini?" Kwa miezi ishirini na saba niliwasimamisha watu kwenye ngazi na meli haikuzama hata mara moja. Hakuna siku msimamizi wangu alituomba radhi kwa hilo.

Tuliporudi huku juu, kikao kiliitishwa Jumapili baada ya misa, sebuleni kwa baba mkwe. Msemaji wa ukoo akaisoma kesi: nimempigia kelele nahodha mbele ya wakwe watarajiwa, ingawa wakwe hawakuwepo, nimevunja kitu cha watu, ingawa komeo nilishalilipia, na nimemgusa baba mkwe mwilini. Adhabu ilikuwa kuku, mtungi wa pombe ya ulezi, na kupiga magoti niseme nimekosa.

"Kuku nitaleta," nikasema. "Pombe nitapika mwenyewe. Kusema nimekosa sisemi."

"Bora lawama kuliko fedheha, mkwe," akanionya. "Umetupa fedheha."

"Na mimi nasema bora fedheha kuliko msiba."

Walinong'ona. Msemaji, ambaye si mtu mbaya, akanifungulia mlango wa kutokea. "Basi tueleze jambo moja tu. Mwanawe wa kumzaa alikuwa pale. Kwa nini hukumwachia yeye amfunge? Tukiridhika na jibu lako, tunayafuta."

Jibu nilikuwa nalo. Nilimtazama baba mkwe kwenye kiti chake pembeni. Mkono wake ulikuwa kifuani, umeshika koti. Niliona kwamba anajua niliona. Ningesema maneno manne tu, mikono yake haifungi tena, nikatoka pale nimesafishwa, na yeye akabaki uchi mbele ya wadogo zake na wanawe. Nilikasirika sana. Niliwakasirikia wao kwa kuuliza, nikamkasirikia na yeye kwa kunyamaza. Lakini siri haikuwa yangu.

"Sina jibu," nikasema.

Wakaliita kiburi. Wakaamua kwamba mpaka nitakapotamka kosa langu, sitaandaa tena chakula cha baba mkwe, wifi ataandaa, na kwenye ndoa ya shemeji sitakwenda. Mume wangu aliniuliza chumbani kwa nini najitesa. Sikumwambia, kwa sababu angemwambia dada yake, na dada yake angeiambia Sumbawanga nzima. Nilinunua sweta lisilo na vifungo, la kuvalia kichwani, nikalipenyeza mezani kwa mzee asubuhi moja. Hakulivaa. Nadhani kulivaa kungekuwa kukiri. Na kuku wa uani hawakuulizwa tena habari za chai.

Ndoa ilipangwa Jumamosi, kwenye parokia ya kulekule mwambao. Jumatano wakaondoka bila mimi, wifi akiwa amevaa kitenge tulichochagua wote wawili. Nilisimama mlangoni, nikawatakia safari njema kwa meno. Niseme ukweli, iliniuma. Nilijua tayari kwamba ningerudishwa nyuma miaka mia nisingesema nimekosa, lakini iliniuma.

Alhamisi asubuhi nilikuwa naanika ulezi, simu ikalia. Mume wangu, kutoka ufukweni Kirando.

"Mzee hapandi," akasema.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Boti ni lilelile. Nahodha siku hizi anagawa maboya mwenyewe, lile komeo halijarudishwa. Wote tumevaa. Mzee amekaa kwenye gunia, boya mapajani, anasema hapandi bila boya na hataki kufungwa na mtu. Nimejaribu mimi, amejaribu baba mdogo. Dada analia. Nahodha anataka kuondoka."

Nikasikia mvurugano, upepo, mbuzi au mtoto, kisha pumzi ya mtu asiyezoea kushika simu.

"Mwanangu," baba mkwe akasema.

Miaka saba hakuwahi kuniita kitu chochote. Nilikaa chini palepale kwenye turubai la ulezi.

"Hawa hawajui kufunga," akasema. "Wanafunga ovyo. Nitakusubiri."

"Nakuja, baba," nikamwambia. "Msipande."

Boti likaondoka bila wao. Nilipata basi la mchana, nikafika Kirando jioni, na nilipoingia nyumba ya wageni walipolala hakuna aliyenisemesha zaidi ya salamu. Asubuhi ya Ijumaa tulishuka ufukweni wote. Kulikuwa na boti jingine, na abiria wengi kuliko mara ya kwanza, na yule muuza samaki alikuwepo na wanawe wawili wameshavaa. Baba mkwe akaketi. Nikaanza kumsogelea, msemaji wa ukoo akaninyooshea mkono mbele.

"Mkwe, neno lako bado tunalidai."

"Bado," nikasema. "Na halitakuja."

Sijui tungefikia wapi. Lakini baba mkwe alinyanyuka. Akamtazama mdogo wake, akawatazama wanawe, mmoja mmoja, akamtazama binti yake. Kisha akaushusha mkono uliokuwa kifuani, akalivua koti na kuliachia likaanguka mchangani. Shati lilipeperuka pande zote mbili na kifua chake chembamba kikaonekana na kila mtu, mbavu na mvi zake. Wifi akaziba mdomo kwa kitenge. Mume wangu akapiga hatua moja, akasimama. Mzee hakujifunika. Alinyanyua mikono yake yote miwili juu, ile mikono iliyopinda, akaishikilia hapo.

Nikapiga magoti, nikakutanisha viganja, nikasema shikamoo.

"Marahaba," akaitika, kwa sauti ya kusikika.

Nikasimama, nikaanza na vifungo vya shati.